Jani la Isale kwa Mama Mektrida

Kijiwe chetu kiko Moshi mjini, nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki. Ni benchi la miguu mitatu na tofali, na linabeba wanaume wanne wasio na haraka yoyote duniani. Kuna meku Kornel, mzee wetu, tunamwita Wakili kwa sababu alishindwa kesi ya mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na tangu siku hiyo anajua sheria zote. Kuna Sylvanus, tunamwita Injinia, anayefungua redio za watu na kuzirudisha huku skrubu zimebaki mkononi. Kuna mdogo wetu Ronald, tunamwita Bando, maana simu yake haikosi intaneti hata siku mwenyewe kakosa mtori. Na kuna mimi, Jesse, maarufu kama Penseli, mchora katuni, mtu mzima na ndevu zangu, ambaye mama yake akiulizwa kanisani mwanao anafanya kazi gani, anasema niko serikalini. Asubuhi hiyo ya Januari benchi lilikuwa kavu. Mama Mektrida, aliyetuuzia kahawa miaka yote, alikuwa amehamishia birika lake ng'ambo ya barabara kwa mafundi viatu, na kwetu hageuzi hata shingo. Mimi nilikuwa nimeshika jani la isale, ule mmea tunaopanda mipakani.

Wakili: Hilo jani umelikata wapi?

Mimi: Kwa mama, pale mpakani.

Wakili: Mpakani! Jirani amekuruhusu?

Mimi: Meku, tuache mipaka leo. Nataka kumwomba msamaha Mama Mektrida.

Wakili: Haya. Ukimpelekea isale mtu uliyemkosea, hawezi kukukatalia msamaha. Lakini lazima utaje kosa. Huwezi kwenda kusema "nisamehe kwa lile jambo."

Mimi: Ndiyo maana nimekuja kwenu. Kosa lenyewe silijui.

Injinia: Si ile katuni yako! Kingine nini?

Hapo sikubisha. Kipindi changu kinaitwa Benchi Bovu, kinaonyeshwa kwenye televisheni kila Jumamosi jioni, na kinahusu wanaume wanne wapumbavu wanaokunywa kahawa na kubishana. Sikwenda mbali kutafuta. Kilianza Desemba, watu wote wamepanda mlimani kwao kwa sikukuu, na Mama Mektrida alikuwa ameutangazia ukoo mzima kule Kibosho kwamba kijiwe chake kitatoka kwenye TV. Baada ya Krismasi alishuka na uso mwingine kabisa. Na iliniuma, sifichi. Niliporudi kutoka Dar nimekonda, sina kazi, nimeapa sishiki tena kalamu, yeye ndiye aliyekuwa akinipa kikombe na kuniambia, "Kunywa, halafu chora."

Wakili: Tuanze mwanzo. Mtuhumiwa alianza lini kuchora?

Mimi: Shule ya msingi. Nilimchora mwalimu mkuu ubaoni.

Wakili: Akakuchapa?

Mimi: Akanichapa, halafu akaniambia nirekebishe pua.

Injinia: Baadaye ukachora ng'ombe kwenye bucha ya Mathew.

Bando: Kumbe yule alikuwa ng'ombe?

Injinia: Watu walidhani Mathew anauza mbwa. Siku hizi anauza simenti.

Mimi: Nikaenda Dar, gazetini. Nikachora wakubwa, ila vichwa vyote vikatoka kama cha Wakili.

Wakili: Ndiyo maana gazeti likafa?

Mimi: Hilo sijui, meku. Ndipo nikajifunza kuzifanya katuni zitembee. Mtu kunyanyua mguu mmoja tu, unachora mpaka mgongo unapinda. Mama alidhani nimerogwa.

Injinia: Mimi kosa nimeshalipata. Ni sauti. Umetufanya tuongee Kichaga mno. Mama wa watu ameona aibu.

Bando: Aisee Injinia, wewe hivyo ndivyo unavyoongea. Kosa ni vidole. Penseli ametuchora vidole vinne vinne! Mtandaoni wanasema hiyo ni alama ya chama cha siri. Kibosho watu wa kanisa wale, wameona wakashtuka.

Wakili: Penseli, kidole changu cha tano kiko wapi?

Mimi: Kidole kimoja kikipungua, kazi inapungua. Wachora katuni wengi ndivyo wanavyofanya. Ni uvivu tu, lakini wa kitaalamu.

Injinia: Basi ni mawimbi. Sikilizeni. Kahawa ukiionyesha hewani sana, mawimbi yanainyonya. Tangu kipindi kianze, kahawa ya mama haina nguvu.

Bando: Tangu kipindi kianze hujaionja, amehama!

Injinia: Si unaona? Imenyonywa yote.

Wakili akavua kofia. Akivua kofia ujue balaa linakuja.

Wakili: Bando, weka hicho kipindi kwenye simu. Simamisha hapo. Mlima huo. Kibo iko upande gani?

Bando: Kulia.

Wakili: Na ukisimama hapa Moshi, ukatazama juu, Kibo iko upande gani?

Bando: Kushoto... Yeleuwi!

Wakili: Huo ni mlima unavyoonekana kutoka Kenya! Penseli ameuza mlima! Mama Mektrida hawezi kuuza kahawa kwa msaliti!

Mimi: Meku, niligeuza picha ili benchi litoshee.

Wakili: Hata mahakamani walisema hivyohivyo, kwamba ramani imegeuka tu.

Tukiwa hapo akafika jamaa mmoja, amechafuka grisi, pikipiki yake inatengenezwa dukani. Akasema anaitwa Godlove, katokea Mwika tangu alfajiri. Akampa Wakili shikamoo, akajibana kwenye ncha ya benchi, upande wa tofali. Tukamkabidhi simu kama shahidi asiye na upande. Aliangalia mpaka mwisho bila kucheka hata mara moja, jambo lililonikera kidogo.

Godlove: Samahani. Kahawa hapa anauza nani? Nina kiu.

Bando: Mama Mektrida. Yule pale ng'ambo, mwenye kitenge cha kijani.

Godlove: Na humu kwenye simu anauza nani?

 Bando akarudisha kipindi nyuma, tukainama vichwa vyote vinne juu ya kioo kimoja. Wanaume wanakunywa, vikombe vimejaa. Wanabishana, wanakunywa tena, vikombe bado vimejaa. Birika halipo. Hakuna mkono unaomimina.

Injinia: Labda yuko nyuma ya benchi.

Bando: Nyuma ya benchi kuna mlima.

Wakili: Wa Kenya.

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikuwa nimeshaelewa, na nikaona aibu. Mtu aliyekaa ni rahisi, unamchora mara moja, unachezesha mdomo tu. Kahawa inayomiminika haitulii, kila tone ni kazi mpya. Nikaona niruke shughuli hiyo, nikavichora vikombe vimejaa tayari, na kwa kuruka kahawa nikamruka na mwenye kahawa. Sikugundua. Na hawa wenzangu, wanaokariri kipindi kuliko mimi, hawakugundua pia. Tulikuwa tunatafuta vidole.

Nikavuka barabara na jani langu.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba.

Hakuniangalia. Alikuwa anapanga vikombe kwenye ndoo.

— Mama, sikukuchora. Nilichora kijiwe, nikachora kahawa, wewe nikakuacha. Ndilo kosa langu. Naomba unisamehe.

Mikono yake ikasimama.

— Nilijaza watu sebuleni, Jesse. Wakwe, wajukuu, hata jirani ambaye hatusalimiani nilimwita. Kipindi kikaanza, wakaniuliza, bibi uko wapi? Nikawaambia subirini, nakuja. Wakaniuliza tena. Nikawaambia subirini, bado nachochea moto. Mpaka likaja tangazo la sabuni.

 Nilimnyooshea jani kwa mikono miwili, kama mtoto. Alilitazama muda mrefu, akalipokea, akalichomeka kiunoni kwenye kitenge. Kisha akachukua kikombe, akalinyanyua birika juu na kuanza kumimina taratibu, uzi mwembamba mweusi unashuka na moshi wake.

— Tazama inavyoshuka. Utaiweza?

— Itachukua muda, mama.

— Muda si unao? Kutwa uko pale kwenye benchi.

Mafundi viatu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, maana ni kweli tupu. Nikapokea kikombe. Kahawa ilikuwa chungu, ya moto, ina nguvu zake zote, hayo mawimbi ya Injinia hayajagusa kitu. Ng'ambo Wakili alikuwa amesimama juu ya benchi akipiga kelele kwamba nigeuze na mlima, huku Godlove akiishikilia ncha ya benchi iliyotoka kwenye tofali.

Mama Mektrida hakumjali. Alinyoosha mkono mbele ya uso wangu, ule wenye alama za kuungua kwa birika, akavitanua vidole.

— Na mimi, alisema, nataka vyote vitano.