Mama Fagio na Kombaini Mpakani

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamkumbuka mkulima wa ngano aliyetutoka wiki iliyopita baada ya kuugua. Wengi mlimjua kwa jina la Mama Fagio. Lilianza kama kejeli, siku aliposimama na fagio mbele ya kombaini, ile mashine ya kuvunia, ngano yake imekauka na mvua inanyemelea. Na dereva wa kombaini hiyo alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

Turudi nyuma kidogo. Kwa miaka mingi mama huyu alipulizia dawa ileile ya magugu, msimu baada ya msimu. Shamba lilitakata. Kisha gugu la shayiri mwitu likaanza kubaki, kwanza kando ya mtaro, halafu katikati. Akaongeza dawa. Likabaki. Akamvaa mwenye duka la pembejeo mbele ya wateja, akamwambia anauza maji ya bomba.

Mwenye duka anacheka akisimulia. "Nilimwambia alete magugu yake na udongo wake kwenye debe. Tukafungua kopo jipya, tukapulizia debe lake na majani ya nyuma ya duka. Yangu yalikauka. Yake yalisimama vilevile. Aliondoka hata hajaniaga."

Yaani dawa iliua magugu dhaifu, ikayaachia sugu nafasi ya kuzaa. Sikilizeni tena: sugu ndiyo yaliyozaa.

Akabadili mazao. Akabadili dawa. Yaliyobaki akayang'oa kwa mkono kabla hayajamwaga mbegu, yeye na binti yake, mpaka mgongo ukagoma. Binti anasema, "Mama alikuwa haogopi nyoka. Mbegu aliiogopa."

Sasa tufike siku ile. Kombaini ni ya kikundi, inavuna kwa zamu. Ilikuwa imetoka shamba la jirani, ambako shayiri mwitu ilikuwa ndefu kuliko ngano. Mbegu zake zilikuwa zimejaa tumboni mwa mashine. Wingu limetanda, jeusi tii. Mama akasimama mpakani.

"Dada, mvua hii hapa," mdogo wake alimwambia kutoka juu, mashine ikinguruma. "Ukinisimamisha huvuni."

"Nitakosa ya mwaka huu, mdogo wangu. Ukiingia hivyo, nakosa shamba."

Mdogo wake akazima mashine kwa hasira. Wakafungua milango, wakafagia, wakakung'uta kila kona, huku majirani wakiuliza kama kombaini inaolewa. Mvua ilipiga nusu ya shamba ikiwa bado haijavunwa. Ngano ikalala chini, ikachipua kwenye masuke. Mdogo wake hakukanyaga kwa dada yake mpaka mavuno yaliyofuata. Binti, aliyekuwa aende chuo, alikaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa ada.

"Mwaka ule nilimchukia mama," anasema. "Sitawaficha."

Shamba likabaki safi, wasikilizaji, lakini chuki ndani ya nyumba haing'oki kwa siku moja. Mama alijua hivyo. Binti anasema hakuwahi kumsikia akijisifu.

Wiki iliyopita walimzika. Ngano yake ilikuwa imekauka tena, na zamu ya kombaini ilikuwa imefika kwake. Wakatoka makaburini moja kwa moja hadi shambani, wingu likiwa limetanda. Binti akamkimbilia mjomba wake, yule yule dereva, akamwambia aingie tu, hakuna wa kumzuia leo.

Mjomba alikuwa ameshasimama mpakani. Akazima mashine, akashuka na suti yake ya msibani.

"Fagio lake liko wapi?"

Walifagia wawili hao. Mvua iliwakuta robo ya shamba ikiwa bado haijavunwa. Hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Kwa binti, kwa mjomba, kwa ndugu wote, sisi hapa studio tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu amlaze mahali pema. Nawe mkulima unayenisikiliza wakati wa mavuno, kombaini ikifika mpakani kwako na wingu limetanda, jiulize utaipisha au utaisimamisha. Jiulize sasa, kabla haijafika.