Praxeda Kristofa, Aliyempeleka Kila Mtu Mlangoni

Wapendwa waombolezaji, naitwa Leticia, mtoto wa kwanza wa marehemu. Nimepewa kusoma kwa sababu silii. Machozi hayajaja tangu Jumanne, mtanisamehe.

Praxeda Kristofa alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika kambi ya wakata mkonge karibu na Muheza, mtoto wa nne wa mzee Kristofa na mama Anastazia, waliokuja Tanga kutafuta kazi ya shamba. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kambini, akamaliza darasa la saba mwaka 1970. Nafasi ya sekondari hakuipata.

Tarehe 2 Agosti 1976 aliajiriwa mapokezi katika hospitali moja mjini Tanga, akakaa hapo miaka arobaini. Hakumwelekeza mtu kwa kidole hata siku moja. Ukimuuliza chumba cha sindano, aliinuka, akafunga daftari, akatangulia. Wakubwa wake walimwonya kwamba meza inabaki tupu. Aliwajibu, "Mgonjwa haelekezwi, anapelekwa." Wakachoka wao.

Ndivyo alivyompeleka chumba cha vidonda kijana Zebedayo, aliyechunwa kiganja na kamba ya meli. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 24 Novemba 1979. Baadaye baba akawa rubani wa bandari: alipanda meli za wageni huko nje, akaziingiza Tanga kwa maneno tu, bila kugusa usukani. Akisema kulia, mshika usukani anarudia "kulia", ndipo meli inageuka.

Mwaka 2017 presha ya macho ilimaliza kuona kwa baba. Mama alitaka kumshika mkono, baba akagoma. "Mimi si mbuzi wa kuvutwa. Wewe sema, nitajibu, nitakwenda." Siku ya kwanza, Barabara ya Kumi na Mbili pale Ngamiani, mama alisimama mbele yake, uso kwa uso, akasema, "Kushoto." Kumbe ni kushoto kwake yeye mama. Baba akajibu, "Kushoto," akatumbukia mtaroni hadi magotini. Jamani! Akiwa humo humo akasema, "Miaka ishirini na sita sijapandisha meli mwambani, leo Praxeda umenizamisha Ngamiani." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo alisimama nyuma yake, na hawakukosea tena. Kanisani, sokoni, kwa kinyozi, mliwasikia wenyewe wakisema na kujibizana.

Februari mwaka huu mama aligundulika kuwa na saratani ya ini. Hakulalamika sana. Mwezi Agosti aliniita kitandani, nyumbani Nguvumali. "Leti, mimi nikienda watamburura baba yako kama gunia. Usikubali. Simama nyuma yake, sema kidogo, subiri ajibu." Nikamwahidi. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Baba alikuwa kando yake, akisikiliza pumzi.

Ameacha mume, watoto watatu, yaani mimi, Innocent na Imakulata, na wajukuu saba.

Ipo na hii, sikutaka kuiandika lakini ni kweli. Juzi, kwenye kuuaga mwili, wajomba walimshika baba mikono, huyu huku na huyu kule. Akakaza miguu. Wakamvuta, akakataa, basi hakumuaga mke wake. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Sijui kwa nini. Ahadi ya mama niliivunja siku ya pili tu.

Leo baba ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Jana nilikuja hapa makaburini peke yangu, nikahesabu hatua kutoka viti vya wafiwa hadi kaburini.

Wajomba zangu, shikamooni. Naomba mkae, msimshike.

Mama, ulimfikisha kila mtu. Pumzika sasa, Mungu akupeleke yeye mwenyewe.

Baba, niko nyuma yako. Mbele moja kwa moja, hatua tisa, polepole. Nasubiri jibu.