Bi. Genoveva na Waraka wa Rivasi

Baada ya miaka ishirini na saba ya kuelekeza malori katika yadi yetu ya makontena hapa Kurasini, Bi. Genoveva Nampota anastaafu tarehe 30 Juni. Katika muda huo wamepita mameneja tisa. Ukuta wa ofisi umegongwa mara moja tu, na siku hiyo yeye alikuwa likizo, Masasi.

Alianza kama mfagiaji. Dereva mmoja alimwomba amwangalizie nyuma. Akaweka ufagio chini, hakuushika tena. "Njoo, njoo, kata kulia, njoo... hapohapo baba!" Hakuna dereva aliyewahi kuuliza maana yake.

Ndipo akaja Meneja Jamali, katoka semina na waraka mkononi: maelekezo yote yatolewe kwa Kiingereza cha kitaalamu. "Njoo" ikapigwa marufuku, neno rasmi likawa "rivasi". Bi. Genoveva aliuliza kama rivasi ni kurudi nyuma au ni kugeuza kule ulikokuwa unakwenda. Akajibiwa kwamba swali hilo halimo kwenye waraka.

Wiki hiyohiyo Meneja alisimama nyuma ya lori la dereva Stephano, akiongea na simu. Kugeuka, tela limemfikia, na mgongoni kwake kuna kontena. Akapaza sauti, "Rivasi! Rivasi!" akimaanisha lori ligeuze liende mbele. Stephano, ambaye tayari alikuwa anarudi nyuma, alifurahi kuona bosi anamwelekeza mwenyewe. Akakanyaga mafuta zaidi.

Bi. Genoveva alikimbia, akaupiga mlango wa lori kwa ngumi. "Simama we Stephano, utaua mtu!"

Lori likasimama. Kati ya tela na tumbo la Meneja ilibaki nafasi ya kupitisha sahani. Bi. Genoveva, Mama wa yadi nzima, alimkalisha kwenye tairi kuukuu, akampa maji.

Kesho yake Mama alipewa barua ya onyo kwa kutumia lugha isiyoidhinishwa. Keshokutwa yake barua ikatenguliwa, ikaundwa kamati ya kuchunguza maana ya rivasi. Imekaa vikao sita. Taarifa yake bado inatafsiriwa. Meneja Jamali siku hizi haingii yadini kabla hajauliza, "Mama yupo?"

Ijumaa iliyopita madereva walizima injini zote ili aage. Alisema, "Wanangu, muwe mnaangaliana." Stephano alilia mbele za watu.

Mama, pumzika kwa raha huko kwako Tegeta, na afya isikupungue. Tunakushukuru kwa kila aliyetoka hapa jioni akafika kwake mzima.