Mteja wa Kiti cha Tatu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka kinyozi. Alikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara, kioo kirefu ukutani, viti vitatu, na mkasi wa nywele ambao mtu mwingine hakuruhusiwa kuushika. Wateja walimwita Taratibu, kwa sababu ndivyo alivyofanya kazi. Mtu aliingia kwa Taratibu akiwa na haraka zake, akatoka amenyolewa vizuri na amepata usingizi juu yake.

Viti vitatu. Viwili vilikuwa ndani, vya watu. Cha tatu kilikuwa nje, kando ya mlango, juani. Kwenye hicho cha tatu lilikaa ua.

Ua hilo huitwa vabena. Ni ile aina inayotambaa. Mashina yake hayasimami. Hujilaza, hufuata ukingo wa chungu, kisha huning'inia. Maua yake ni madogo na hukaa mengi pamoja kwenye kichwa kimoja cha mviringo. La Taratibu lilikuwa la zambarau. Alilipanda katika beseni la kuoshea nywele lililopata ufa, akaliweka beseni juu ya kiti cha zamani cha kunyolea, ambacho kilikuwa hakipandi tena wala hakishuki, ila kilizunguka. Mashina yakamwagika juu ya mikono ya kiti mpaka mahali pa kuwekea miguu. Ukitokea upande wa pili wa barabara uliona mtu amekaa pale, amefunikwa shuka ya zambarau mpaka shingoni, anangoja zamu yake.

Fundi viatu, ambaye mpaka leo anashona kandokando ya mlango ule, hakuchoka kumtania.

"Taratibu, huyu mteja wako bado tu? Mimi nimebadilisha soli za mtaa mzima."

"Kichwa chake kigumu," Taratibu alijibu. "Nakata huku, kinaota kule."

Basi jina likabaki hilo. Vabena ile mtaani iliitwa Mteja.

Aliyetusimulia mengi ya kipindi hiki ni mkewe Taratibu. Wateja wote humwita Shemeji, wazee kwa vijana, nasi tutamwita hivyo hivyo. Shemeji anakumbuka vizuri Mteja alikotoka. Siku aliyojifungua binti yao wa pekee, Taratibu alikuwa akizungukazunguka katika bustani ya hospitali, hana pa kuiweka mikono yake. Tuta la vabena lilikuwa limechanua pale. Mtunza bustani akamhurumia, akamkatia kipande cha shina. Taratibu akakizungushia pamba yenye maji na kukitia mfukoni.

"Natoka wodini na mtoto mkononi," anasema Shemeji, "namtazama baba mtu, shati limelowa kifuani. Nikamwuliza, kwani leo anayejifungua ni nani, mimi au wewe?"

Kipande kile kilishika mizizi. Ndiyo maana binti yao, ambaye sasa ni mtu mzima na ni mpima ardhi, humwita Mteja pacha wake. "Pacha wangu alipewa jua," anasema. "Mimi nikapewa kopo la kumwagilia."

Jua, wasikilizaji. Hapo ndipo kazi yote ilipokuwa. Vabena inataka jua karibu kutwa nzima. Ikikaa kivulini, mashina hurefuka bure, majani huingia ukungu mweupe kama unga, na maua hayaji. Taratibu alijua hivyo, na akajiwekea utaratibu wake. Kila alipomaliza kichwa kimoja, kabla ya kukung'uta shuka, alitoka nje akakizungusha kiti cha tatu kidogo, ili upande uliokuwa nyuma nao upate kuota jua.

Mteja wa ndani alikuwa amekaa akitazama kioo. Nyuma yake mlango ulikuwa wazi. Kwa hiyo alichokiona kiooni ni uso wake mwenyewe, na nyuma ya uso huo mlango uliojaa mwanga, na ndani ya mwanga mtu wa zambarau akigeuka polepole, vipepeo wawili watatu wakimzunguka kichwani. Mkasi ulikuwa kama bado ukilialia sikioni. Nywele zilikuwa zimeanguka bila sauti. Watu walifumba macho hapo. Yupo mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja kunyoa ndevu tu, akaamka nje kumeanza kupoa, Taratibu ameketi pembeni akisoma gazeti. Hakumwamsha. Alisema mtu aliyelala kwake ni mgeni, na mgeni haondolewi.

Maji yalikuwa jambo la pili. Beseni la kinyozi lina tundu chini tangu lilipotengenezwa, na vabena ndivyo inavyotaka, kwa sababu maji yakituama mizizi huoza. Taratibu alichomeka kidole kwenye udongo. Ukiwa mkavu, alimwagilia, chini kwenye udongo na kamwe si juu ya majani. Ukiwa na unyevu, alifuta kidole akarudi kazini. Watoto wa Mteja aliwapanda kwenye tuta jembamba chini ya ukuta wa duka, katika udongo aliouchanganya mboji na mchanga. Huko walitambaa wenyewe, na kila shina lilipogusa ardhi likashika mizizi mipya.

Jambo la tatu lilikuwa kukata. Na hilo, wasikilizaji wapendwa, ndilo lililoleta ugomvi katika nyumba yenye watu wapole.

Taratibu alikuwa na mkasi wa pili, wa maua. Mteja alipokuwa katika uzuri wake, zambarau tupu, watu wakisimama kumpiga picha, Taratibu aliutoa mkasi huo akaondoa robo ya mashina. Wakati mwingine theluthi. Maua yalianguka sakafuni pamoja na nywele za watu. Shemeji siku hizo hakukanyaga dukani.

"Unamvua nguo barabarani," alimwambia.

"Namnyoa."

"Lakini ana maua!"

"Ndiyo maana namnyoa sasa. Nikingoja achakae, nimechelewa."

Wiki mbili au tatu Mteja alikaa na vijiti, fundi viatu akimwita askari kuruta. Kisha akachanua tena, mnene kuliko mwanzo. Ilikuwa hivyo miaka yote. Shemeji aliyaona matokeo miaka yote, na miaka yote hakukubali. "Nilijua yuko sahihi," anasema. "Lakini sikupenda kuutazama ule mkasi."

Moyo wa Taratibu ulianza kuchoka mwaka huu. Duka likafungwa. Akalala nyumbani kwao nyuma ya duka, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Nje, fundi viatu alikizungusha kiti kila alipokumbuka. Mteja alikuwa amechanua kuliko wakati mwingine wowote.

Ndipo Shemeji alipofanya jambo la huruma. Alimwita fundi viatu, wakalibeba beseni mpaka ndani, wakaliweka kando ya kitanda. Alitaka mumewe ayaone maua bila kuinua kichwa. Akamwagilia asubuhi, akamwagilia jioni, akapangusa majani kwa kitambaa chenye maji.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri. Chumba kilibadilika rangi. Taratibu alisinzia, akaamka, akasinzia tena, mkono wake umelala juu ya mashina. Alimwambia mkewe anaota yuko dukani, na watu wanaingia mmoja mmoja, wanavua kofia, na chini ya kofia hakuna nywele bali maua, naye hajui aanzie wapi. "Nikawaambia wakae tu," alisema. "Nikawaambia leo hatuna haraka."

Halafu majani yakaanza kupata unga mweupe. Mashina yakarefuka, yakawa makavu katikati, maua yamebaki kwenye ncha. Taratibu alisugua jani moja kwa kidole gumba, akalitazama.

"Mteja anaumwa," alisema. "Mrudishe kitini kwake. Umnyoe."

Shemeji akakataa.

Tueleze vizuri alichokuwa akikataa. Daktari alikuwa amemwambia kwamba siku zilizobaki ni chache, pengine hazifiki wiki mbili. Vabena iliyokatwa inahitaji wiki mbili mpaka tatu ili ichanue. Akikata, mumewe angeondoka macho yake yameona vijiti tu. Asipokata, mmea ungekufa, na katika tuta la ukutani hapakuwa na akiba, kwa kuwa mafundi wa mabomba ya maji walikuwa wamelichimbua lote. Mteja alikuwa amebaki peke yake.

"Mzee, niache nikuone ukitazama maua," Shemeji alimwambia. "Ni jambo dogo ninaloomba."

"Nimeyatazama tangu siku aliyozaliwa mtoto wetu," alisema Taratibu. "Nimeshiba. Nataka niyaache yakiwa hai."

Shemeji alitoka chumbani.

Kesho yake asubuhi Taratibu aliomba apelekwe dukani. Binti yake alimshika upande mmoja, Shemeji upande wa pili, wakamketisha kwenye kiti cha kwanza, mbele ya kioo. Fundi viatu alilibeba beseni mpaka nje, akalirudisha juu ya kiti cha tatu. Mlango ulikuwa wazi, jua limejaa. Taratibu alifungua mtoto wa meza, akautoa mkasi wake wa nywele, ule ambao mtu mwingine hakuruhusiwa kuushika. Akampa mkewe.

"Anza na mimi," alisema. "Mkono upate kuzoea."

Shemeji hakuwahi kumnyoa mtu. Alikata upande wa kushoto, ukawa juu. Akasawazisha wa kulia, ukawa juu zaidi. Taratibu alijitazama kiooni kwa muda mrefu, kwa uso ule ule wa fundi.

"Mke wangu," alisema, "nikitoka nje hivi, duka limekufa kabla yangu."

Binti yao anasema mama yake alicheka mpaka akaketi sakafuni, juu ya nywele.

Kisha Shemeji akainuka. Akachukua mkasi wa maua, akatoka nje. Taratibu alibaki ndani, hakugeuka. Alimwona kiooni, ndani ya ule mlango wa mwanga, akamwongoza kwa sauti tu. "Juu kidogo ya pale jani linapotokea. Hapo. Kata. Lenye unga mweupe liondoe lote. Usimhurumie." Mashina yalianguka. Maua yakaanguka. Shemeji hakusimama mpaka beseni likabaki na vijiti vifupi vya kijani.

Kimoja kati ya vipande vizima alikizungushia pamba yenye maji. Akaingia ndani, akakitia kwenye mfuko wa shati la mumewe. Maji yakapenya, shati likalowa kifuani.

Taratibu akajitazama kiooni. "Na leo," aliuliza, "anayejifungua ni nani?"

Alifariki siku nne baadaye, mchana, akiwa amelala. Siku ya mazishi Mteja hakuwa na hata ua moja. Kabla watu hawajaondoka kwenda makaburini, fundi viatu alikizungusha kiti kidogo, kisha akafunga kibanda chake, akawafuata.

Maua yalirudi. Shemeji anasema alikwenda kufungua duka apitishe hewa, na kabla hajatia ufunguo akaona mtu amekaa kando ya mlango. Alisimama pale na ufunguo mkononi. Kile kipande cha mfukoni nacho kimeshika mizizi. Kiko kwa binti yao, kwenye dirisha linalopata jua.

Juma lililopita tulifika kumsalimu Shemeji. Mteja alikuwa katika uzuri wake, zambarau tupu mpaka mahali pa miguu. Tukiwa tunaongea, Shemeji akautoa mkasi mfukoni mwa vazi lake, akaanza kukata.

Fundi viatu akaruka kutoka kwenye kigoda chake. "Shemeji! Muache bwana, si unaona ana maua?"

"Ndiyo maana namnyoa," alisema Shemeji, wala hakuinua kichwa.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Shemeji. Tunampa pole binti yake, na pacha wake. Tunampa pole fundi viatu, aliyebaki bila mtu wa kumtania, na wote waliowahi kulala usingizi kwenye kiti cha Taratibu. Nawe unayetusikiliza, fikiria kidogo kitu unachokipenda, umekiweka wapi. Kama umekificha kivulini kwa sababu ya huruma, kitoe nje. Kata panapohitaji kukatwa.

Kisha kizungushe kidogo, upande wa nyuma nao uone jua.