Kichwa cha Jilani na Mafuta ya Sfax

Naapa kwa Mungu, naapa kwa kaburi la baba yangu, naapa kwa mkate huu nilioushika mkononi: kila neno mtakalosikia hapa ni la kweli, na nikiongeza hata punje basi kesho gunia la zeituni liniangukie shingoni. Kijiwe chetu kiko Sfax, nje ya duka la Jilani mkaanga ftaira, yale maandazi mapana ya kukaangwa, hatua chache kutoka kinu cha zeituni ninakobeba magunia. Ni ubao mmoja mrefu umeegemea ukuta, na upande wa pili wa ukuta huo ndiko kuliko jiko lake, kwa hiyo majira ya baridi mgongo unapata joto kama umekumbatiwa na bibi yako. Umati wa asubuhi ukishapungua, Jilani hutuchemshia kahawa pembeni ya jiko, anaidondoshea maji ya maua ya mchungwa, tunakunywa na kuamua mambo ya dunia. Tuko watatu wa kudumu. Kuna Lazhar, tunamwita Injinia, fundi wa pikipiki, ambaye kwake kila kitu kina bolti na pistoni. Kuna Mongi, tunamwita Redio, mtu wa posta mstaafu, anayejua habari kabla haijatokea. Na kuna mimi, Ammar, wananiita Mabega, maana mwaka ule punda wa kinu alipougua nilibeba mzigo wake, na jioni nikambeba na punda mwenyewe nikamrudisha kwao.

Shida ilianza na Bi Duja. Huyu mama ni mkunga, nusu ya mtaa kaupokea yeye kwa mikono yake, na akisema neno hakuna wa kulipinga. Asubuhi moja aliagiza ftaira tupu, ile isiyopakwa kitu, kwa sababu ana kisukari. Jilani akaitosa mafutani, ikaumuka, akaiopoa, akainama kumpa kutoka juu ya kile kibaraza cha vigae anapokaa amekunja miguu kama sultani. Bi Duja akaitazama ftaira. Akamtazama Jilani kichwani. Akairudisha.

— Mwanangu, mimi niliomba isiyo na sukari.

Na hakuna sukari iliyotiwa. Ilikuwa mba.

Sisi tulikuwa tunaujua ule mba siku nyingi, ila mtu hamwambii rafiki yake mambo kama hayo. Jilani akitikisa kichwa, mabegani pake panakuwa kama milima ya Ain Draham yenye theluji mwezi wa Januari, ukitafuta vizuri unamkuta na mtu anateleza na mbao. Lakini neno la Bi Duja lilizunguka mtaa mzima kabla ftaira haijapoa. Kesho yake foleni ilikuwa nusu. Wiki iliyofuata ikawa watu wa kuhesabika, na hata hao wakiagiza wanarudi nyuma kwanza, wanamwangalia akikaanga kama wanamwangalia mganga. Wengine wote walihamia kwa yule mkaangaji wa karibu na lango la mji, ambaye ftaira zake, kusema kweli, unaweza kuzibandika kwenye kiatu kilichotoboka.

Asubuhi moja Jilani alitumiminia kahawa bila kutuangalia. Akasema baridi hii ikiisha hivi, yeye anafunga. Duka kaachiwa na baba yake, na baba yake kaachiwa na babu, watu wa Ghomrassen wote, wakaangaji tangu nabii Nuhu anachonga mbao. Yeye ndiye atakayelizima jiko, arudi kusini kuchunga mbuzi wa ami yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, na Jilani si mtu wa sauti ndogo.

Nikahisi ukuta unapoa mgongoni kwangu. Nikasema hapana, hili tunalimaliza hapa hapa kijiweni.

— Tuanze na chanzo, akasema Injinia. Mba ni nini? Ni ukavu. Kichwa ni injini. Injini ikikauka inasagika, inatoa unga wa chuma. Dawa yake ni oili.

— Oili, akasema Redio, hapa Sfax. Umefikiri usiku kucha ukalipata hilo?

— Na wewe ulishapata lipi?

Nikawaambia wasigombane, oili iko kwa Mabega. Ilikuwa msimu wa mafuta mapya, yale ya kijani yanayokukwaruza koo. Nikaleta chupa ya tone la kwanza kabisa. Sikufichi, mafuta ninayoyachagua mimi, jirani yangu mwenye kipara aliyanusa tu, ikabidi akanunue kitana. Tukampaka Jilani mpaka utosi ukang'aa kama kuba la msikiti.

Na siku za mwanzo, mba haukuanguka. Tukapongezana. Kumbe haukuanguka kwa sababu ulikuwa umenasa. Ulipokuja kuanguka ulianguka kwa mabonge.

Injinia akasema hiyo ni dalili njema, injini inatema uchafu, tuongeze. Akaniambia haba na haba hujaza kibaba. Tukaongeza. Redio akasema amesikia kutoka kwa mtu ambaye hasemi uongo kwamba lazima vitunguu saumu, vipondwe ndani ya mafuta, na juu yake avae kofia ya sufu ili joto lisitoke. Fikiria sasa: mtu amekaa juu ya karai la mafuta yanayochemka, kichwani mafuta mengine, saumu, na kofia ya sufu. Jasho likawa linatiririka mpaka kwenye nyusi. Paka wakawa wanamfuata kwenda nyumbani, wamepanga mstari kama watoto wa madrasa. Ule mto anaolalia ungeutia utambi ungewaka mpaka alfajiri. Na muwasho, jamani. Akawa anajikuna kwa kisogo cha kijiko nyuma ya pazia, mkono mmoja unakanda unga, mwingine unatafuta nafasi. Mimi nikamwambia asijikune kwa kidole kimoja, maana kidole kimoja hakivunji chawa, atumie vyote kumi. Akatumia. Kesho yake utosi ulikuwa mwekundu kama harisa, ile pilipili yetu ya kusaga.

Hapo Redio akageuza wimbo. Akasema kosa letu tumedhani ni mba.

— Kama si mba ni nini?

— Ni unga. Anakanda unga tangu mtoto. Unga unaingia kwenye kucha, unapanda na damu, ukifika juu hakuna pa kwenda, unatokea utosini.

— Kwa hiyo tukimpaka hamira, ataumuka, akasema Injinia.

— Wewe cheka. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

— Hiyo methali inahusu nini hapa?

— Inahusu unga.

Jilani alikuwa anasikiliza haya yote juu ya kibaraza. Siku hiyo hakuuza hata ftaira moja. Akashuka, akavua kofia, akakaa nasi ubaoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya saa za kazi. Akasema mkewe keshaanza kufunga vyombo. Akasema tumsaidie sasa hivi au tumwache.

Injinia akasimama. Akasema alikuwa anaogopa kulitaja hili, lakini lipo. Akaenda kinuni, akarudi na kopo. Ndani yake ni yale maji meusi yanayobaki zeituni ikishakamuliwa, yale ambayo kinuni tunayaelekeza kwenye bwawa la mbali kwa sababu hata nyasi zinayakimbia. Alisema mafuta tumempa, lakini roho ya zeituni haiko kwenye mafuta, iko kwenye haya maji meusi. Injini iliyochoka haitaki oili safi, inataka nzito. Yanamwagwa kichwani, yanafungwa na kitambaa, yanalala mpaka kesho.

Harufu ilitoka kwenye kopo, mwenye duka la jirani akafunga dirisha.

— Kichwa kitanuka kwa muda gani? Jilani akauliza.

— Kitanuka, akasema Injinia. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Na Jilani akainama. Ndugu zangu, yule mwanamume ana shingo kama nguzo ya kinu, na alikitoa kichwa mbele yetu kama kondoo wa Idi. Nilimwona anafumba macho. Redio akamzungushia taulo mabegani. Injinia akainua kopo.

Sasa, pale pembeni ya ubao kulikuwa na mgeni. Jina lake Lamine, mtu wa Tozeur, kaleta lori la tende kwa yule jirani wa dirisha, na mimi mwenyewe ndiye niliyemkaribisha kahawa, kwa hiyo yote yaliyofuata mnaweza kusema ni kazi yangu. Watu wa Tozeur ni watu wa mitende, wana adabu, wanakaa kimya mpaka kahawa iishe. Yeye yake ilikuwa imeisha. Akaweka kikombe chini.

— Samahanini wazee. Naomba kuuliza tu. Kichwa chake kikiwa hakina mafuta, huwa kinakuwaje?

Injinia akabaki na kopo hewani.

— Unamaanisha nini, kikiwa hakina mafuta?

— Kikiwa hakijapakwa kitu. Mba unazidi au unapungua?

Injinia akamwangalia Redio. Redio, ambaye anajua habari kabla haijatokea, akaniangalia mimi. Mimi nikamwangalia Jilani, maana kichwa ni chake.

Jilani akafumbua macho, bado kainama. Akaanza kuhesabu nyuma. Alipozaliwa, Bi Duja alimpaka mafuta. Mama yake alimpaka kila Ijumaa. Kabla sisi hatujamgusa alikuwa anajipaka mwenyewe kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko, kama baba yake, kama babu yake, kama mimi, kama kila mtu hapa.

— Sijui, akasema. Sijawahi kukiona.

Injinia alishusha kopo taratibu, akaliweka nyuma ya ubao kama mtu anayeficha chupa ya pombe. Mtu wa Tozeur akashukuru kwa kahawa, akaenda kushusha tende zake.

Jilani hakutuuliza ushauri tena. Alijifunga taulo lile lile kichwani akaenda moja kwa moja duka la dawa, na mimi nikamsindikiza, maana bila mimi angepotea njia, ingawa duka liko ng'ambo ya barabara. Yule dada wa dawa alimwambia avue taulo. Akaangalia, akanusa, akauliza vitunguu saumu vya nini. Tukakohoa. Akasema mba si uchafu wala si laana wala haumpati mteja kwa kula ftaira. Ni kijidudu kidogo kinachokaa kichwani kwa kila binadamu, na kwa wengine kinazidi, na chakula chake ni mafuta. Nikamwambia arudie hapo mwisho. Akarudia: chakula chake ni mafuta. Sisi tulikuwa tumekifungulia hoteli.

Akampa chupa ndogo ya sabuni ya maji ya mba. Bei yake, naapa, haifiki ya lita moja ya yale tuliyommwagia utosini. Mara mbili kwa wiki, maji ya vuguvugu, asugue kwa ncha za vidole, si kucha. Na povu asilioshe hapo hapo kama wanavyofanya wanaume wenye haraka. Aliache likae kichwani muda wa kunywa kahawa moja, ndipo asuuze. Siku nyingine sabuni yoyote laini inatosha. Kitana chake kiwe chake. Mafuta aache, na kofia ya sufu ampe paka. Akisikia nafuu, apunguze iwe mara moja kwa wiki, lakini asiache kabisa, maana hiki kitu hakifi, kinafugwa tu. Baridi na uchovu vitakiita tena, na kikiitwa anarudia sabuni. Wiki kadhaa zikipita bila nafuu, aende kwa daktari wa ngozi, si kwa fundi wa pikipiki.

Hilo la mwisho sijui alilijuaje.

Osho la kwanza halikufanya muujiza. Jilani alikuja asubuhi, nywele zimesimama kama za kifaranga, kavu, hazing'ai, akasema anajisikia yuko uchi mbele za watu. Redio akasema mnaona, nilisema ni unga. Osho la pili muwasho ukalala. Baada ya hapo, polepole, mabega yake yakaanza kuwa na rangi ya shati. Akanunua shati jeusi. Mkaanga ftaira na shati jeusi, huyo ni mtu anayetaka vita, na alikaa nalo juu ya kibaraza kutwa nzima, yeyote anayetaka aangalie. Watu waliangalia. Kwanza akaja mmoja, akala. Wakaja watatu. Mke wa Jilani akafungua vile vyombo alivyovifunga, akaongeza na karai la pili.

Siku hizi foleni inafika mpaka mlango wa kinu, ukiniuliza mimi nasema inafika bandarini. Wateja wanachoka kusimama, wanakaa kwenye ubao wetu. Jana Jilani aliinama kutoka kule juu, kichwa kisafi, akaniambia kwa heshima zote, ami, simameni kidogo, huyu mama magoti yanamuuma. Tukanywa kahawa wima, mimi na Injinia na Redio, migongo nje kwenye baridi, tukilalamika, na hakuna hata mmoja wetu aliyetaka kuondoka.

Wiki iliyopita nilikuwa duka la dawa, niliingia kuuliza saa tu. Nikamkuta Injinia, na yeye kaja kuuliza saa. Redio alikuwa anatoka, chupa ndani ya koti.

Sasa nawaomba, haya yabaki hapa hapa. Mafuta ya zeituni ni ya kula, ya taa, ya viungo vya mzee, na mimi nayabeba mgongoni tangu ndevu hazijaota. Mwenye kinu akisikia kwamba Ammar Mabega ametamka hadharani kuwa kuna mahali pamoja kwenye mwili wa binadamu ambapo mafuta ya Sfax hayafai, hanifukuzi kazi tu, ananinyima na kaburi. Mkiulizwa Jilani alipona vipi, semeni hamjui. Msinitaje.