Shuka Halihami Lenyewe

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika, familia imenipa mimi mkwewe nisome historia ya Shangazi yetu, si kwa sababu nina sauti nzuri, maana mwenyewe alikuwa akisema nasoma kama naita wagonjwa kwenye foleni, na kweli ndiyo kazi yangu, bali kwa sababu mume wangu, mtoto wa kaka yake, aliyemlea kama wake, ana kazi nyingine leo, nayo mtaijua kabla sijamaliza.

Shangazi alizaliwa tarehe 9 Novemba 1951, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi cherehani, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, akajifunza kutambaa juu ya vipande vya vitambaa. Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akaingia sekondari miaka miwili tu, kisha baba akaugua macho na cherehani ikakosa mtu, hivyo yeye akarudi nyumbani na kaka yake akaendelea na masomo, jambo ambalo hakulitaja ila alipokasirika, na jamani, kukasirika alikuwa hakawii.

Februari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha mablanketi na mashuka, idara ya ukaguzi, akakaa hapo hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, na wenzake waliopo hapa wanakumbuka alivyokuwa akishika shuka kwa ncha mbili, akalitikisa mara moja, akalitupa pembeni na kusema, hili lirudi kwa aliyelishona. Tarehe 12 Mei 1973 alifunga ndoa na fundi redio, mtu mpole aliyezungumza kidogo kwa kuwa nafasi ya kuzungumza nyumbani ilikuwa imeshachukuliwa, wakapendana sana mpaka mume alipofariki mwaka 1991. Hawakujaliwa kuzaa, lakini tarehe 3 Agosti 1979 kaka yake na wifi yake walifariki kwa ajali ya gari, akamchukua mtoto wao wa miaka mitatu, akamfunika kwa shuka lake la kijani usiku ule wa kwanza, na tangu siku hiyo nyumba ikawa na mtoto.

Hapa naomba mnivumilie, maana huwezi kumweleza Shangazi ukaiacha Holi, sikukuu yetu ya moto na rangi. Mlio Wahindu mnaijua, na msio Wahindu mnaijua kwa zile nguo zenu alizoziharibu. Husimuliwa kwamba mfalme mmoja mwenye kiburi alitaka aabudiwe yeye peke yake, mwanawe Prahlada akakataa, akashikamana na Mungu wake, Vishnu, baba akajaribu kumwua kila namna ikashindikana, ndipo akamwita dada yake, Holika, yaani shangazi wa mtoto, aliyekuwa na shuka lisiloshika moto, akaamriwa ajifunike, ampakate mtoto na kuketi naye motoni. Upepo ukavuma, shuka likamtoka shangazi likamfunika mtoto, mtoto akatoka mzima, shangazi akateketea. Ndiyo sababu mwezi unapokuwa mpevu katika mwezi wa Phalguna, mara nyingi Machi, huwashwa moto mkubwa usiku wa kuamkia sikukuu, watu wakauzunguka wakitupa nafaka na nazi, na kukicha hupakana rangi, wakubwa kwa wadogo, na waliokosana husameheana.

Machi 1980 mume wangu alipelekwa kwenye moto huo kwa mara ya kwanza, akauliza ni nani anayechomwa, wakamwambia ni shangazi. Maskini mtoto! Alilishika vazi la Shangazi kwa mikono miwili, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia, akaapa kwamba shangazi yake hachomwi na mtu yeyote, kamwe, na watu wakacheka, ila Shangazi hakucheka. Alimbeba hadi nyumbani, akamsimulia upya, kwamba yule Holika alimwogopa kaka yake kama walivyomwogopa wote, lakini mle motoni alimtazama mtoto usoni, akalivua shuka kwa mikono yake mwenyewe, akamfunika. Mzee wa hekalu alipomwambia kuwa wazee hawakusimulia hivyo, Shangazi alimjibu kwamba katika wazee hao hakuna aliyekuwa shangazi, na kuhusu huo upepo, yeye ametikisa mashuka maisha yake yote na hajaona hata moja linalohama lenyewe.

Moyo wake ulianza kuchoka mwaka 2021, na tarehe 16 Januari mwaka huu, 2024, alilazwa. Kwa desturi yetu mwili wa marehemu huchomwa, na anayewasha moto huo wa mwisho ni mtoto, na mume wangu, mtu mzima, fundi wa lifti anayening'inia ghorofani bila woga, alisema hawezi, alishaapa, ataomba binamu awashe. Shangazi akageukia ukutani, akaacha kumsemesha, na mnaomjua mnaelewa kunyamaza kwa Shangazi ni adhabu ya namna gani. Aliniambia mimi tu, kwa uchungu, kwamba kuwashiwa moto na mtu wa kuazima ni sawa na kuambiwa hakulea.

Asubuhi ya tarehe 20 Februari alimwita mwenyewe. Alikuwa amejifunika lile shuka la kijani, akalivua polepole kwa mikono isiyo na nguvu, akalitandaza mabegani mwa mume wangu, na mume wangu alipotaka kumrudishia akampiga kofi mkononi, akamwuliza, umeona upepo wowote humu ndani? Mume wangu akatikisa kichwa huku akilia. Basi, akamwambia, kiapo chako nimekifungua, hunichomi wewe, shuka nalitoa mwenyewe. Alifariki jioni ile.

Tunawashukuru madaktari, na wauguzi waliovumilia mashuka yao kukaguliwa na mgonjwa, majirani mliopika na kukesha, wenzake wa kiwandani, na mzee wa hekalu, ambaye mwaka jana nilimsikia akiwasimulia watoto Holi ya Shangazi, nilipomwuliza akakana.

Mmekuwa mkijiuliza kwa nini mume wangu amesimama mlangoni amejitanda shuka na joto lote hili. Ndiye atakayewasha. Shangazi, nenda ukapumzike, mtoto hakuungua.