Kanda ya Nareyu

Sogezeni viti, wanangu, mnisikilize. Inosenti, weka hiyo simu chini. Miaka thelathini na moja nimewanyamazisha wanafunzi maktabani, sitashindwa na wewe. Brigita, futa machozi, sijafa bado.

Shamba la Mbulumbulu ni la Brigita, kwa kuwa ndiye aliyelilima pamoja nami. Nyumba hii ya Karatu ni yako, Inosenti, na ole wako dada yako aje siku moja abishe hodi hapa kama mgeni. Baba yenu mdogo Wilson alisogeza mpaka wa shamba hatua nne, nami nikamnunia miaka tisa mpaka majirani wakachoka kutupatanisha. Mwachieni hizo hatua, ugomvi huo naufukia leo. Vitabu vipelekwe shule ya Kansay. Makaratasi yangu ya utafiti, historia ya ngano, majina ya nyasi, mizinga ya nyuki, chumvi ya ng'ombe, wapeni chuo. Mlizoea kunicheka kwamba mama anatafiti hadi kikohozi cha mbuzi, na kweli, sikuwa na kiasi. Mtaka yote hukosa yote, nami niliyataka yote.

Kitu kimoja tu hakiendi chuo. Ni ile kanda iliyo ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kabati.

Nilipokuwa nakusanya nyimbo za kina mama wa Ngorongoro, nilifika Endulen kwa mama mmoja anaitwa Nareyu. Alinipa maziwa, akanilaza kwenye ngozi yake, akaniimbia siku mbili. Alikuwa amempoteza kijana wake, moran aliyeuawa na nyati kabla hajaoa. Mnawajua wenzetu Wamaasai: kijana akifa hivyo, jina lake halitajwi tena. Mimi nilijua, nilishaliandika jambo hilo kwenye makala! Lakini fomu yangu ilikuwa na mstari wa jina, na mstari ulikuwa mtupu, na mimi mstari mtupu ulikuwa unaninyima usingizi. Basi nikamsimulia habari za kaka yenu Emmanueli, aliyetutoka akiwa na miezi saba, ambaye hata ninyi sijawahi kuwasimulia vizuri. Nililia kweli, wanangu, machozi hayakuwa ya uongo, ila kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha mashine ya kurekodi. Nareyu akanishika kichwa, akalitaja jina la mwanawe mara moja, polepole, kama anamwamsha. Kisha akasema, 'Hili ni la kwako na mimi tu, mama Emmanueli. Ukimaliza kulia, unirudishie.'

Sikurudisha. Siku ya maonyesho ya maktaba nilimwalika, nikamkalisha mbele karibu na wakubwa, nikaiwasha kanda kwenye spika. Wote niliwaambia baadaye kwamba nilikosea upande wa kanda. Uongo. Nilijua ni upande gani, nilitaka wageni wasikie kitu ambacho hakuna mtafiti mwingine amewahi kukipata. Sifa, wanangu, sifa tu! Jina likatoka ukutani kwa sauti ya mama mwenyewe. Nareyu akainuka, akageuka kutazama mlangoni, akingoja mtu aingie. Hakuingia mtu. Akajifunika shuka kichwani akatoka, na watu wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Tangu siku ile jina hilo linakaa na mimi humu ndani. Mlikuwa mnashangaa kwa nini nazima redio ovyo. Nimewaandikia wanafunzi wangapi barua kali, rudisha kitabu cha watu, na mimi mwenyewe nimekalia kitu cha watu miaka ishirini na miwili! Naogopa, wanangu. Naogopa kukutana na yule kijana huko niendako kabla mama yake hajarudishiwa.

Wiki iliyopita binti yake, Resiato, alikuja mnadani akapita hapa. Anasema mama yupo, macho hayaoni tena, lakini bado anauliza, 'Yule mama hajamaliza kulia?'

Basi mpelekeeni. Inosenti, usiisikilize, wala usiihamishie kwenye simu, nakujua wewe. Brigita ndiye ataikabidhi, kwa mikono miwili, pamoja na blanketi na sukari. Msiniombee msamaha, sijawatuma hilo. Mwambieni tu kwamba mama Emmanueli amemaliza kulia. Ile fomu yenye jina niliichana mwenyewe.

Sogeeni niwashike. Mvua iwakute mmeshapanda. Ng'ombe wenu wazae salama, watoto wenu wawazike ninyi, ninyi msiwazike wao. Mpendane... pendaneni, hata mkinuniana, isifike miaka tisa.

Maji kidogo. Asante, mama.

Inosenti, si nimesema hiyo kanda usiiguse? Izime. Zima, nakwambia... Hujawasha? Brigita, wewe huisikii? Imo kwenye kopo bado... haya. Haya.

Basi msingoje mazishi, ipelekeni sasa hivi. Washa gari, mwanangu.